Taa ya injini imewaka na ukaguzi ni wiki ijayo? Usikimbilie kununua sensa

Kuna watu Nairobi wameziba taa ya injini kwa kipande cha tepu nyeusi. Sitanii. Unaingia kwa gari la mtu, unatazama dashibodi, na pale ambapo kile kidude cha manjano chenye umbo la injini kinafaa kuwa, kuna tepu. Ukiuliza unajibiwa, "Hiyo imewaka tangu 2019 na gari inatembea tu." Kweli, inatembea. Shida ni kwamba kuna siku gari hilo litatakiwa kupumua mbele ya mashine ya kupima moshi, na mashine hiyo haiangalii dashibodi.

Makala haya ni ya wenye magari ya zamani, hasa yale ya kutafutia unga. Mimi si fundi mwenye cheti. Niliacha chuo mwaka wa pili, na ninachojua kuhusu nyaya za magari nimekiokota nikiwa nimechuchumaa kando ya magari ya watu, nikiuliza maswali mengi kuliko inavyopendeza. Nashukuru Mungu testa ya umeme haiulizi shahada.

Gari tutakalolitumia kama mfano ni Toyota Probox ya 2005, injini ya 1NZ-FE, cc 1,500. Ni la jamaa yangu anayesambaza mayai na mboga kwa mikahawa ya Hurlingham na Kilimani. Kabla jua halijachomoza ashapita Argwings Kodhek, akamaliza upande wa Yaya na kurudi kuchukua mzigo wa pili. Kwa kuwa ni gari la biashara, lazima likaguliwe kila mwaka. Likikosa cheti halina ruhusa ya kubeba mzigo, na mkahawa hautakusubiri wiki mbili utengeneze gari wakati kuna wauzaji mayai wengine kumi wanaopiga simu. Yeye na kijana anayemsaidia wanakula kutoka kwa hiyo Probox. Kwa hivyo mwaka huu, taa ya injini ilipowaka wiki tatu kabla ya tarehe ya ukaguzi, hakuwa na wakati wa kucheza.

Kama una gari la kibinafsi, usiruke hii ukidhani haikuhusu. Kwa muda mrefu ukaguzi wa kila mwaka umebana magari ya abiria na ya biashara, zikiwemo teksi za app. Gari la kibinafsi limekuwa likikaguliwa kukiwa na sababu, kwa mfano umebadilisha injini au rangi. Lakini Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama Barabarani, NTSA, ilitoa rasimu ya kanuni zilizopendekeza magari ya kibinafsi yaliyozidi miaka minne tangu yatengenezwe nayo yakaguliwe. Miaka minne! Kenya inaruhusu kuingiza gari la hadi miaka minane, kwa hivyo magari mengi tunayoyaita "mpya" yalifika Mombasa yakiwa yashapita umri huo. Juu ya hapo kuna kiwango cha KS 1515 cha ukaguzi wa magari, na kanuni za ubora wa hewa za 2014 zilizo chini ya NEMA, ambazo zinagusa moshi wa gari la kila mtu, la biashara na la kwenda kanisani.

Na moshi wenyewe tunaula sisi. Simama stendi ya Hurlingham saa kumi na mbili jioni ukingoja 46 ya Kawangware, foleni ikiwa imeganda, halafu uniambie koo lako linasemaje. Moshi mweusi angalau unauona ukija. Gesi ya kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na injini inayomwagiwa petroli kupita kiasi huitoa kwa wingi.

Sensa zinafanya nini hasa

Petroli huungua vizuri kwa kipimo: kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya petroli. Mafuta yakizidi, kaboni monoksidi inapanda na petroli ambayo haikuungua inatoka kwa ekzosi. Hewa ikizidi sana, injini inakosa kuwasha vizuri, inatetemeka, na pia inatoa petroli mbichi.

Kompyuta ya gari ndiyo inaamua nozeli zifunguke kwa muda gani. Lakini hiyo kompyuta haioni kitu. Ni kama mpishi kipofu anayetegemea watu watano wamweleze hali ya sufuria. Mmoja anapima hewa inayoingia. Mwingine anapima joto la maji ya injini. Wa tatu anaangalia umekanyaga mafuta kiasi gani, wa nne anahesabu mizunguko ya injini. Wa tano, sensa ya oksijeni, amekaa kwa ekzosi akinusa kilichotoka na kurudisha jibu: "Mafuta yamezidi," au "Mafuta ni kidogo."

Mmoja akidanganya, chakula kinaharibika. Lakini pia, na hapa ndipo pesa za watu hupotelea, mmoja anaweza kusema ukweli mtupu kuhusu kitu kingine kilichoharibika, halafu yeye ndiye anafutwa kazi.

Sensa iliyofutwa kazi bure

Turudi kwa Probox. Jamaa alipeleka gari kwenye gereji moja mtaani, ambayo sitaitaja. Wakachomeka skana, ikatoa kodi P0135. Hiyo inahusu saketi ya hita ya sensa ya oksijeni ya mbele. Sensa hii haifanyi kazi ikiwa baridi, inahitaji joto la kama nyuzi 300 au zaidi, kwa hivyo ndani yake kuna hita ndogo ya kuiamsha haraka. Fundi akasoma kodi na kutoa hukumu palepale: "Boss, sensa imekufa. Elfu sita na mia tano, na hiyo nimekufanyia bei ya rafiki."

Sensa ikaja, si ile yenye soketi yake bali ile ya kuunganishwa nyaya kwa nyaya. Wakakata, wakaunga, wakafunga tepu. Taa ikazima. Kila mtu akafurahi, fundi akalipwa.

Kwa bahati jamaa si mtu wa kuamini haraka. Akaenda gereji nyingine yenye mashine ya kupima gesi ya ekzosi, alipe kidogo ajue hali kabla ya kupanga foleni ya serikali. Mashine ikaonyesha kaboni monoksidi asilimia 2.8. Ili uelewe ukubwa wa hiyo namba: Japani, gari hilo lilikotoka, ukaguzi wao wa shaken (gari jipya baada ya miaka mitatu, kisha kila miaka miwili) hauruhusu gari la rika hilo kuzidi asilimia 1. Uingereza, gari la petroli la baada ya 2002 halitakiwi kupita asilimia 0.3 likinguruma bila kukanyagwa. Taa ilikuwa imezima, sensa mpya ilikuwa mahali pake, na gari lilikuwa bado linatapika.

Hapo ndipo aliponipigia. "Bro, leta ile testa yako." Tukampitia fundi mmoja mzee, wa upande wa Ngong Road, ambaye sifa yake kuu ni kwamba hana haraka. Mzee aliuliza swali moja: "Sensa ya zamani iko wapi?" Kumbe jamaa alikuwa ameibeba nyumbani kwa sababu ameilipia. Mzee akaweka testa kwa nyaya mbili za hita. Omu 13. Sensa za aina hiyo za Toyota, zikiwa baridi, hita yake inafaa kusoma kati ya omu 11 na 16. Sensa ilikuwa nzima!

Kilichokuwa kimekatika ni waya, sentimita chache juu ya soketi, mahali ulipokuwa umelalia ekzosi ukachomeka pole pole. Yule fundi wa kwanza alipokata na kuunga nyaya, alikata juu ya hapo palipochomeka. Alitengeneza gari bila kujua ametengeneza nini, na sensa mpya ikapewa sifa zote. Waya na tepu vingegharimu pesa ya chapati.

Lakini hata hiyo haikueleza asilimia 2.8. Tukachomeka kile kifaa kidogo cha Bluetooth, ELM327, tukafungua app kwa simu na kutazama namba gari likitembea. Tulizunguka kutoka Hurlingham, Valley Road, tukarudi kwa Ngong Road. Dakika ishirini na tano za kuendesha, na sensa ya joto la maji ilikuwa inasoma nyuzi 58. Mzee akacheka. "Hii gari haina themostati."

Haikuwa nayo. Kifuniko kilipofunguliwa, ndani kulikuwa na hewa tu.

Themostati, kitu mnachokitupa

Naomba tukae hapa kidogo kwa sababu nina hasira na hili jambo. Mafundi wengi Kenya wana imani kwamba themostati ni kitu cha nchi za barafu. Gari likichemka mara moja, dawa ni kuitoa na kuitupa. "Hapa ni Afrika, kuna joto." Nairobi? Mji ulio mita zaidi ya 1,600 juu ya bahari, ambao Julai watu wanavaa marvin na jaketi mbili? Acheni hizo.

Themostati ni mlango unaozuia maji yasiende kwa rejeta hadi injini ipate joto lake. Kwa 1NZ-FE mlango huo huanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84. Ukiutoa, maji yanazunguka muda wote na injini inabaki vuguvugu. Sensa ya joto inaripoti ukweli: "Bado baridi." Kompyuta inasikia na kufanya ilichofunzwa kwa injini baridi, yaani kuongeza petroli, kama vile magari ya zamani ya kabureta ulivyokuwa unavuta choki asubuhi. Tofauti ni kwamba choki ya Probox hii ilikuwa imevutwa mchana kutwa, miezi na miezi. Juu ya hapo, mvuke wa petroli na maji huingia kwenye oili, na petroli hiyo baadaye hurudi kuvutwa na injini na kuharibu vipimo zaidi.

Na kama gari lilichemka, kuna sababu: rejeta imeziba, feni haishiki, kuna mahali maji yanavuja, au gasket imeenda. Kutoa themostati hakuponyi hata moja kati ya hizo.

Themostati mpya ilikuwa elfu moja na mia tano. Tukaifunga, tukaweka kulanti badala ya maji ya mfereji, tukabadilisha oili. Kesho yake joto lilipanda hadi nyuzi 86 na kutulia. Mashine ileile ya gesi ikasoma kaboni monoksidi 0.2.

Jinsi ya kupima kabla ya kutoa pesa

Sasa wewe na gari lako. Vitu unavyohitaji ni testa ya umeme ya kawaida, kifaa cha Bluetooth cha OBD ambacho madukani mjini unakipata kwa elfu moja hadi mbili, na subira.

Kifaa kikikataa kuongea na gari lako, usikimbilie kukirudisha. Marekani ililazimisha mfumo mmoja wa kusoma hitilafu kwa magari yote ya kuanzia 1996, lakini gari lililotengenezewa soko la Japani kabla ya 2008 linaweza kuwa na soketi ileile na lugha tofauti. App nyingi zina sehemu ya kuchagua aina ya gari, jaribu hapo kwanza. Ikishindikana, Toyota nyingi za miaka hiyo zina njia ya kizamani: unaunganisha tundu namba 4 na namba 13 za soketi kwa kipande cha waya, unafungua ufunguo bila kuwasha injini, na taa ya injini inaanza kupepesa. Ikipepesa mbili, ikapumzika, kisha moja, hiyo ni 21, sensa ya oksijeni. Ikitoa 22 ni sensa ya joto la maji. 31 ni ya hewa, 41 ni ya kikanyagio. Ikipepesa kwa mwendo uleule bila kupumzika, hakuna kodi iliyohifadhiwa. Taa za ABS na airbag zinaweza kupepesa pia, usiogope. Kile cha kuogopa ni tundu namba 16, lina umeme wa betri moja kwa moja. Hesabu mara mbili: safu ndefu ni 1 hadi 8, fupi ni 9 hadi 16, na magari mengine yamefunga soketi juu chini.

Ukishapata kodi, iandike kwa karatasi na ujizuie. Kodi inakwambia mtaa, haikwambii nyumba. Anza na macho: waya uliochomeka, soketi yenye kutu ya kijani, panya. Ndiyo, panya. Gari likikaa wiki karibu na mkahawa, panya wanalala juu ya injini na kutafuna nyaya.

Sensa ya joto la maji ndiyo rahisi kuliko zote. Asubuhi kabla ya kuwasha gari, app isome joto linalokaribiana na hewa ya nje. Ikisema nyuzi 40 chini ya sufuri na wewe uko Kilimani, waya umekatika au soketi imechomoka. Kwa testa, sensa ya Toyota ikiwa kwenye nyuzi 20 inasoma kama omu 2,000 hadi 3,000, na kwenye nyuzi 80 inashuka hadi kama 200 hadi 400. Unaweza kuipima kwa sufuria ya maji ya moto jikoni, ila usimwambie mama.

Sensa ya oksijeni ya mbele, ile ya kawaida ya volti moja, icheze. Injini ikiwa moto, shikilia mizunguko 2,500 na utazame: volti ipande na kushuka kati ya 0.1 na 0.9, angalau mara nane kwa sekunde kumi. Ikizembea, imezeeka. Ikikwama chini, usiinunue bado, kwa sababu ekzosi iliyopasuka kabla ya sensa hunyonya hewa ya nje na kumfanya maskini aseme "hewa imezidi," kompyuta inaongeza mafuta, na unapanda moshi kwa sababu ya ufa ambao mchomeleaji angeziba kwa dakika kumi. Magari mengine ya baadaye yana sensa ya aina nyingine ambayo haichezi hivyo, kwa hivyo hakikisha yako ni ipi kabla ya kuhukumu.

Sensa ya hewa iko kwa paipu baada ya kichujio. Ndani ina waya mwembamba kama unywele unaopashwa moto. Vumbi la Nairobi likishika ule waya, hewa inahesabiwa vibaya. Injini ya cc 1,500 iliyopata moto ikinguruma taratibu inasoma karibu gramu 2 za hewa kwa sekunde. Kuna dawa yake maalum ya kupuliza, tumia hiyo tu. Usitumie dawa ya kabureta, na tafadhali usiguse ule waya kwa kidole wala pamba.

Halafu app itakuonyesha namba mbili, STFT na LTFT. Hizi ni kompyuta ikikiri imelazimika kuongeza au kupunguza mafuta kwa asilimia ngapi. Ndani ya kumi juu au chini, poa. LTFT ikiwa juu sana, tafuta hewa inayoingia kwa wizi, paipu za vakyumu zilizopasuka, au pampu ya mafuta iliyochoka. Ikiwa chini sana, kuna petroli ya ziada mahali: nozeli inavuja, au mtu anadanganya kuhusu joto au hewa. Mimi huanza na namba hizi mbili siku hizi, kodi inafuata.

Kuna jambo moja ambalo video za wazungu hazitakwambia. Magari kama Honda nyingi na Corolla za zamani hayapimi hewa kwa waya wa moto, yanapima shinikizo. Video inasema ukifungua ufunguo bila kuwasha, sensa nzima isome kama 101. Hiyo ni kweli Mombasa. Hapa Hurlingham shinikizo la hewa lenyewe ni karibu 82 au 83, kwa hivyo sensa inayosoma 82 inakwambia ukweli kuhusu mahali unapoishi. Usiitupe.

Ekzosi tupu

Kuna gari ambalo sensa zake zote ni nzima na bado litafeli, kwa sababu katalisti yake iliuzwa. Kile kijikopo kilicho kwa ekzosi kina masega yaliyopakwa platinamu, paladiamu na rodiamu, na bei ya hayo madini inajulikana hadi kwa wauza vyuma chakavu. Gari linaenda kufanyiwa savisi, linarudi likinguruma kama la mbio, na mwenyewe anaambiwa "tumeifungua ipumue."

Utajua kwa sensa ya oksijeni ya pili, ile ya nyuma, kama gari lako linayo. Katalisti ikifanya kazi, ya mbele inacheza na ya nyuma imetulia, mara nyingi kwenye volti 0.6 au 0.7. Zikicheza pamoja kama watu wawili kwa video moja ya TikTok, katalisti imekufa au haipo, na kodi P0420 iko njiani. Gonga kikopo kwa ngumi pia. Kikitoa sauti ya debe tupu, ni debe tupu.

Inafaa kukumbuka kwamba vitu hivi vyote havingewezekana hapa zamani. Petroli ya risasi huua katalisti na sensa ya oksijeni pia. Afrika kusini mwa Sahara iliaga petroli hiyo mwanzoni mwa 2006, na tangazo kwamba dunia nzima imeiaga lilitolewa na shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao hapa hapa Gigiri, Agosti 2021. Tulipewa petroli safi, kisha tukaenda kuuza masega.

Siku yenyewe

Najua kuna anayesoma hii akifikiria njia ya mkato: futa kodi asubuhi, taa izime, ingia foleni. Kufuta kodi kunazima taa tu. Gesi inayotoka haibadiliki, na umefuta pia kila kitu ambacho kompyuta ilikuwa imejifunza kuhusu injini yako, kwa hivyo vipimo vinaweza hata kuwa vibaya zaidi. Ni vilevile ukichomoa betri. Volkswagen walikuwa na akili nyingi kuliko wewe na mimi, waliandika programu nzima ya kutambua gari linapopimwa ili lijifanye safi, kwenye magari karibu milioni 11. Wakaumbuka Septemba 2015 na bado wanatajwa.

Ukimaliza kutengeneza, endesha siku tatu nne mjini na barabara ya kasi kabla ya ukaguzi. Weka kichujio kipya cha hewa, angalia plagi, badilisha oili kama ni nyeusi. Nafasi unaiweka kwa eCitizen. Siku ya kwenda kituo cha Barabara ya Likoni, Industrial Area, usitoke nyumbani dakika tano kabla. Dakika ishirini za kuendesha zinapasha katalisti, na baridi yake ndiyo huangusha magari mazima. Kama foleni ni ndefu na umezima injini, iwashe mapema kabla ya zamu yako na ushikilie mizunguko 2,500 kwa dakika mbili hivi. Mafuta ya ishirini bob hayatakufilisi.

Probox ilipita. Jamaa anasema sasa inakula mafuta kidogo, ingawa bado hajakubali kuniambia ni kiasi gani, labda anaogopa nitaomba asilimia. Ile sensa ya kwanza bado anayo, imefungwa kwa karatasi ya gazeti ndani ya trei ya mayai, na anaiuza. Omu 13, anaweza kukupimia ukiona.